Ganzi ya Bi Mwanamina, Mtia Hina

Bi Mwanamina wa Shela, Malindi, hajui kujishusha na hajaona haja ya kujifunza. Muulize ni nani mtia hina bora kuanzia Mambrui mpaka Kilifi, hatakuzungusha kwa maneno ya adabu. "Mimi," atakwambia. "Wa pili kaulize kwengine, mimi simjui." Na kusema kweli hadanganyi. Miaka thelathini na miwili mabibi harusi wa mji huu wamemnyooshea mikono, na hakuna hata mmoja aliyeingia ukumbini na ua lililopinda. Siku hizi anavaa miwani, na goti moja humlalamikia akikaa mkekani, lakini ule mkono! Ukishika koni ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, mstari unashuka kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole bila kusita, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.

Ufundi wake haukuwa machoni, ulikuwa vidoleni. "Rojo huiangalii, unaiminya," ndivyo asemavyo. Kwa kuibonyeza koni tu alijua kama rojo ni nzito, kama ina chenga, kama itatoka kwa pumzi moja ama itakatika njiani. Na kila rojo mpya aliijaribu kwanza kwake mwenyewe: hina kiganjani, piko mgongoni mwa mkono na kwenye kucha. Kwa hivyo tangu aanze kazi hii hakuna aliyeviona viganja vyake vikiwa vitupu. Hamad mwenyewe, mumewe, nadhani alishasahau rangi yake.

Basi, baada ya Idi kubwa ya mwaka jana, vidole hivyo vikaanza mambo yao. Mwanzo ilikuwa kama kutambaliwa na sisimizi. Halafu ikawa kama kuchomwachomwa na visindano, mikono yote miwili, asubuhi na mchana. Halafu ganzi ikaja ikakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Bi Mwanamina akatafuta wa kumlaumu. Akailaumu feni. Akailaumu sabuni mpya ya kufulia. Akamlaumu Hamad kwa kununua samaki wa barafu. Akajipaka mafuta ya karafuu, akajifunga vitambaa, akanywa tangawizi mpaka nyumba nzima ikanuka tangawizi.

"Mama Shaima, nenda hospitali," Hamad alimwambia. Hamad ni mstaafu wa bandarini, mtu mpole, husema neno moja kwa siku na hulirudia kesho yake.

"Hospitali ni ya wagonjwa."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi nina ganzi."

Ubishi gani huo! Lakini ndivyo alivyo. Kuna siku moja alikubali, akaingia zahanati moja ya mtaani. Muuguzi kijana, mwenye foleni ndefu mlangoni, akamshika mkono, akakifunua kiganja, akakitazama. "Damu unayo mama, kiganja chekundu hiki," akasema, akampa tembe za maumivu. Bi Mwanamina akarudi nyumbani kifua mbele. Akamwambia Hamad, "Umesikia? Damu ninayo." Wala haikumpitikia, yeye wala yule muuguzi, kwamba wekundu ule haukuwa wa damu hata kidogo. Ulikuwa wa majani ya hina kutoka Kakuyuni, aliyoyakoroga mwenyewe kwa ndimu na chai ya rangi siku mbili kabla.

Kilichomtisha kilitokea Mambrui, kwa bibi harusi mmoja mwenye mikono mirefu mizuri. Katikati ya kazi, pale kifundoni, koni ilimponyoka. Si kuanguka, la. Ilibonyea kupita kiasi na yeye asijue, na doa la piko likatua pasipotakiwa doa. Bi Mwanamina hakushtuka usoni. Akaligeuza lile doa kuwa jani, akaongeza majani mengine matatu kulisindikiza, na mama wa bibi harusi akasema, "Mashaallah, hili ua ni jipya."  Lakini njia nzima ya kurudi Malindi alikuwa akiviminya vidole vyake, kimoja kimoja, na hakuvihisi.

Na wiki tatu mbele yake ilikuwa harusi ya Raiya.

Raiya ni mjukuu wake wa kwanza, binti wa Shaima, mfanyakazi wa benki huko Kilifi. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa akimwambia bibi yake, "Siku yangu nitie mpaka mabegani." Hilo ndilo jambo lililomwamsha Bi Mwanamina, wala si ganzi yenyewe. Akamwambia Hamad atayarishe kofia yake, kesho wanakwenda hospitali kubwa, na asiulize maswali.

Sasa, mwanamke wa heshima haendi mbele za watu mikono mikavu. Siku moja kabla ya kwenda akajitia hina mpya viganjani na piko kwenye kucha zote kumi, akakaa nayo mpaka ikakolea. Akajifukiza udi. Akavaa buibui la siku njema. Hamad alimtazama akasema, "Tunakwenda kuposa au kupimwa?" 

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Cherop, mtu wa bara, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokimbia. "Shikamoo mama," alisema, na Bi Mwanamina akampa alama moja hapo hapo. "Marahaba mwanangu."

Daktari Cherop akamvika kile kidude cha kubana kidole, cha kupimia hewa katika damu. Kikawaka, kikafikiri, kikazima. Akakihamisha kidole cha pili, cha tatu. Wapi! Akaigeuza mikono, akaviona viganja vyekundu kama komamanga, akaziona kucha nyeusi tii. Akavua miwani yake akacheka kidogo.

"Mama, umenifungia mlango. Mahali pote ninapotazama damu ya mtu, wewe umepapaka rangi."

"Hiyo ni kazi yangu, mwanangu. Na ni pambo langu pia."

"Ni nzuri sana. Lakini haisemi ukweli. Hebu nione macho."

Akamvuta ukope wa chini, na hapo hakuna hina. Ndani palikuwa peupe kama tui. Akamwambia atoe ulimi; ulimi ulikuwa laini, unang'aa, vimekwisha vile vipele vyake vidogo, na Bi Mwanamina akakiri kwamba siku hizi pilipili zinamuunguza. Akamuuliza miguu je? Miguu pia ina ganzi, akajibu, tena ndiyo iliyotangulia, lakini nani anahangaika na miguu? Akamuuliza kuhusu uchovu. Hapo Bi Mwanamina akarekebisha buibui lake, na Hamad akasema, "Analala kila alasiri. Zamani hakuwa akilala." Bi Mwanamina alimtupia jicho ambalo mimi ningelitupiwa ningetoka chumbani.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Dawa? Situmii dawa mimi."

"Na zile za kiungulia?" akasema Hamad.

"Hizo si dawa! Ni tembe tu za kiungulia. Nanunua dukani kama watu wanavyonunua peremende."

Daktari akaweka kalamu chini. "Unakunywa ngapi?"

"Moja asubuhi. Nikila biriani, mbili."

"Tangu lini?"

Bi Mwanamina akahesabu kwa harusi, maana hiyo ndiyo kalenda yake. Alianza mwaka ule alioolewa mtoto wa jirani. "Miaka sita," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka.

Vipimo vikatolewa. Sukari hakuna. Damu ilikuwa kidogo, na chembe zake zimevimba kuliko kawaida. Kichupa kimoja kikapelekwa maabara ya Mombasa, na siku ya tatu wakaitwa tena. Daktari Cherop akawaeleza taratibu, kwa maneno ya nyumbani. Kuna vitamini moja, B kumi na mbili, inayotunza damu na mishipa ya fahamu. Imo kwenye samaki na nyama, lakini tumbo linahitaji asidi yake ili liitoe humo. "Wewe asidi umeizima kila siku kwa miaka sita. Samaki unakula, lakini ile faida yake inapita tu. Mishipa ya mikono na miguu ndiyo inayolia njaa."

"Nitapona?"

"Nadhani utapona. Umewahi. Ungengoja mwaka mwengine nisingekuahidi kitu. Lakini si kesho, mama. Ganzi inaondoka kwa miezi, na mwanzoni inaweza hata kuzidi."

Sindano siku baada ya siku, kisha kila wiki. Tembe za kiungulia asiguse tena. Kwa tumbo watatafuta njia nyengine pamoja. Na la mwisho ndilo lililomtoa Bi Mwanamina kitini: miezi mitatu bila piko, kwa sababu lile piko lina dawa kali ya nywele na daktari alitaka kuliondoa njiani ahakikishe nalo haliongezi ganzi. Na viganja viwe wazi kila akija, ili damu ikirudi ionekane.

"Wazi? Mimi? Unajua mke wa mtu huku kwetu akionekana viganja vitupu siku ya harusi watu wanasema nini? Wanasema yuko eda! Wanasema mumewe amekufa!"

Hamad akakohoa. "Mimi nitasimama mlangoni niwasalimie."

Daktari Cherop akacheka mpaka akafunika uso. Lakini agizo hakulibadilisha. Akitaka kuwatia wengine hina ya majani, alisema, avae glavu. Yeye mwenyewe, hapana.

Tuseme ukweli, Bi Mwanamina aliyafuata yote. Alichomwa sindano bila kulalamika. Alivisugua viganja kwa ndimu na magadi mpaka hina ikafifia, ikawa rangi ya machungwa, ikawa rangi ya maji ya kunde, ikatoweka. Chini yake mlitoka mikono asiyoijua, ya mwanamke mzee aliyepauka. Aliitazama, akalia kidogo jikoni, akajifuta. Ila jambo moja hakulifuata, kwa sababu hakuna aliyemwagiza: hakumwambia Shaima wala Raiya. Akanunua glavu na koni, akajifungia chumbani akafanya mazoezi juu ya jani la mgomba. Mstari ukakatika. Akarudia, ukajaa. Akajiambia, siku yenyewe Mungu atanitia nguvu, mkono utakumbuka. Mkono wangu mimi usikumbuke?

Siku ya hina ikafika. Nyumba ya Shaima ilijaa wanawake, watoto wakifukuzwa huku wakirudi kule, chai ya maziwa ikizunguka, vigelegele vikipigwa hata pasipo sababu. Raiya amekaa kwenye godoro amejifunga leso mpya, mikono juu ya mto. Bi Mwanamina akaingia na glavu zake mfukoni. Akavua buibui, na Bi Barke wa Mambrui, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, akamshika mkono kumsalimu. Akaugeuza. Akaguta:

"Inna lillahi! Mwanamina! Hamad amefariki na hukutuambia?"

 Hapo hapo, kutoka uani, sauti ya Hamad ikasikika akiuliza kama kahawa imebaki. Lo! Vicheko vilivyolipuka, mpaka watu wakamwaga chai. Bi Mwanamina naye akacheka. Ungekuwa mlango mzuri wa kutokea. Angesema ngozi inamuwasha, basi, wangemuamini.

Akakaa. Akavaa glavu. Akaushika mkono wa Raiya, akaiweka ncha ya koni ya hina kwenye kifundo, akabonyeza. Kilichotoka hakikuwa mstari. Kilikuwa kitu kama kinyesi cha kenge, na akakifuta upesi kwa pamba kabla hakijashika. Akabonyeza tena, hakikutoka kitu. Hakujua kama anabonyeza au habonyezi. Akainua macho akamtazama Raiya, na Raiya hakuwa akitazama koni. Alikuwa akimtazama yeye, akitabasamu, bila shaka hata chembe, kama alivyokuwa akiwa na miaka sita. Mtoto yule angeingia ukumbini na madoa mpaka mabegani na asingesema neno.

Bi Mwanamina akaiweka koni chini.

"Siwezi," akasema.

Shaima, aliyekuwa akigawa sambusa, akageuka. "Huwezi nini, Mama?"

"Siwezi kumtia. Vidole vyangu vimekufa ganzi, tangu Idi kubwa. Naumwa, nachomwa sindano, nitapona, daktari amesema. Lakini leo sina mikono. Nilitaka kuwaficha. Nilikuwa tayari kumharibu mwanangu huyu ili nyinyi msijue." Sauti yake ilifika hadi ukutani. "Basi mjue. Kamwiteni mwengine, wapo. Wapo wazuri."

Wallahi, maneno hayo kumtoka Bi Mwanamina! Shaima akabaki na sahani mkononi. Raiya peke yake ndiye aliyesogea. Akaichukua bakuli ya hina ya majani iliyokuwa pembeni, ile ya kuwapaka watoto, akaisukuma mbele ya bibi yake.

"Nitie ya kufumba."

"Ya kufumba? Ya kina bibi zetu? Bonge kiganjani na kitambaa juu?"

"Hiyo hiyo. Haitaki koni."

"Utaonekana mtu wa zamani mbele ya wenzako wa benki."

"Wenzangu wa benki watajua nani amenitia."

Basi Bi Mwanamina akachota hina kwa kijiko, akaweka bonge katika kila kiganja, akavifunga vidole vya Raiya kimoja baada ya kimoja, akavizungushia vitambaa vyeupe akakaza fundo kwa meno. Hakuna ua, hakuna mstari. Kazi ambayo kila bibi wa pwani anaiweza. Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo havikupigwa tena hata siku ya ukumbi.

Ngumi za Raiya zikiwa zimelazwa juu ya mto zikingoja kukolea, Bi Mwanamina akawageukia wanawake wenzake. Alikuwa amekwisha kurudi yeye mwenyewe. Ungeyaona macho yake. "Haya, mimi nimesema yangu," akasema. "Nani mwengine humu ana ganzi? Msinitazame hivyo. Najua tunavyoishi. Nani?"

 Mmoja akarekebisha mtandio. Mmoja akajitia kutafuta simu. Kisha mama mmoja wa pembeni akainua mkono nusu, kama mwanafunzi asiyejua jibu. Mwengine akafuata. Jirani wa Shaima akasema kwake ni miguu tu, miguu nayo inahesabiwa? Inahesabiwa, Bi Mwanamina akamwambia. Wakawa watano, mikono yote imepambwa, mizuri. Huenda kila mmoja ana lake, mmoja sukari, mmoja kazi ya kukanda unga, mmoja kitu chengine kabisa. Lakini wote walikuwa wamejiambia ni uzee.

Bi Barke hakuinua mkono. Alikuwa ameinama, akiviminya vidole vyake vyenye piko.

"Barke," akasema Bi Mwanamina, taratibu sasa. "Na wewe?"

"Yule mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu Azim," akasema Bi Barke, bila kuinua uso. "Ana miezi minane. Sijambeba hata siku moja. Naogopa nitamwangusha. Kila wakimleta nasema nina mafua."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanamina akavua glavu, akasogea kwa magoti mpaka alipokaa rafiki yake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi," akamwambia. "Nitakuja kukuchukua Mambrui mwenyewe. Na tukitoka hospitali tunapita kwa Azim, utaketi kitako mkekani, na mimi nitakuwekea huyo mtoto mapajani."